Mama wa Marehemu, Mke wa Mshtakiwa

Jumatatu, 2 Juni

Amekiri.

Karani wa mahakama alikuwa bado anasoma shtaka — kusababisha kifo kwa uendeshaji wa uzembe — mume wangu akadakia, "Ni kweli." Wakili wake akamvuta koti. Hakimu akamwambia asubiri asomewe mpaka mwisho. Akasubiri. Akasomewa. Akasema tena, "Ni kweli." Sauti ileile ya mtu anayeulizwa kama maji yamechemka.

Jina la Babu lilisomwa lote, majina matatu. Sikulitambua! Mtoto wa miaka minne, majina matatu ya nini? Sisi tulimwita Babu kwa sababu alirithi jina la baba mkwe, na kwa sababu alikuwa anatembea mikono nyuma kama mzee anayekagua mafundi. Mahakamani anaitwa marehemu.

Adhabu haijatolewa. Hakimu anataka kwanza ripoti ya afisa wa uangalizi. Huyo ndiye anayekwenda majumbani kuuliza mkosaji ni mtu wa namna gani, na waliofiwa wanasemaje, ndipo hakimu apime. Tarehe kumi na tisa. Mpaka hapo dhamana inaendelea, yuko nyumbani.

Tumerudi na teksi. Yeye mbele, mimi nyuma. Dereva akaanza habari za mpira. Mume wangu akamjibu! Mpira mpaka mlangoni.

Sikulia. Wala sikujizuia.


Jumanne, 3 Juni

Kazini. Msimamizi amenitoa kwenye mashine ya kukata mikate, amenipeleka kufunga. Anasema mashine ya kukata inataka macho. Hakusema macho yangu yana nini.

Mikono inajua kazi. Unashika mkate, unavalisha mfuko, unakunja, unasukuma. Mchana ukafika sijui umepitia wapi.

Wenzangu wakiniona wanageukia mashine. Mmoja tu, yule mnene wa kwenye tanuri, hana dogo, kaniuliza wazi: "Watamfunga?" Nikamwambia sijui. "Na wewe unataka wamfunge?" Nikamwambia mkate wake unaungua. Haukuwa unaungua.


Alhamisi, 5 Juni

Shemeji kaja, mdogo wake mume wangu. Kaja na kitabu cha sheria, kile cha makosa ya jinai, kakinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, jalada halipo. Tangu msiba huu uanze amekuwa wakili kuliko wakili.

Kakaa, kavua viatu, kaanza kunifundisha. Makosa yana madaraja, shemeji. Kuna kuua kwa kukusudia — hilo ni kitanzi au maisha. Kuna kuua bila kukusudia. Chini yake ndiyo haya ya barabarani, nayo yana vyumba viwili. Chumba cha kwanza, hatari: ulijua kuna hatari ukaendelea. Kule ni kifungo tu. Chumba cha pili, uzembe: hukuangalia vizuri. Hapa hakimu ana uhuru — kifungo, au faini, au vyote viwili, au kifungo cha nje, au amwachie kwa masharti. "Kaka yuko chumba cha pili. Tushukuru."

Nikamuuliza miaka mingapi. Akalamba kidole, akafunua. "Kifungo kisichozidi miaka mitano. Sasa hapo, shemeji, neno kubwa ni *kisichozidi*. Sheria inasema mwisho. Haisemi mwanzo." Kwa hiyo kuanzia miaka mitano kuteremka mpaka nenda nyumbani usirudie.

Usirudie. Atarudia nini? Mtoto wa kiume tulikuwa naye mmoja.

Leseni nayo wataichukua. Mtu anaendesha malori tangu hajanioa, hajui kazi nyingine. Lakini hiyo, anasema shemeji, haihesabiki kuwa adhabu. Hiyo ni amri ya ziada. Sawa.

Mume wangu alikuwa nje muda wote, anakaza bawaba ya lango ambayo haijalegea. Mama mkwe alikuja na shemeji. Ananitazama tu. Mjukuu kazikwa, sasa mwana. Najua anachotaka kuniomba. Anaogopa kuniomba.


Jumamosi, 7 Juni

Afisa wa uangalizi kaja. Mwanamke wa rika langu, mafua yamemshika, begi kubwa kuliko yeye. Alianza kwa kuomba maji ya moto.

Maswali. Mume anakunywa? Hapana. Anapiga? Hapana. Amewahi kushtakiwa? Faini moja ya taa ya nyuma. Nani anamtegemea? Mimi kidogo, mama yake, na binti yetu. Huyo ana miaka kumi na moja, tunamwita Dada kwa sababu Babu alimwita hivyo na nyumba nzima ikafuata.

Akaniuliza siku ile ilikuwaje. Nikamwambia kama ninavyosema siku zote, inatoka yenyewe sasa. Alikuwa analaza lori uani kwetu, barabarani wanaiba mizigo. Lori likirudi nyuma, utingo lazima ateremke asimame ubavuni, dereva amwone kwenye kioo. Anapiga bodi kwa kiganja na kuita njoo, njoo, njoo. Akipiga kofi moja zito, ni simama. Hiyo ndiyo kanuni yao, hata dereva mwenye mvi haivunji. Siku ile mvua ilinyesha, akamshusha utingo njia panda awahi kwake. Uwanja wake mwenyewe! Anaujua akifumba macho. Utingo wa nini?

Afisa akaandika, akapiga chafya, akaandika.

Kisha akamwita mume wangu, mimi nikaenda jikoni. Ukuta wetu hauzuii kitu. Alimuuliza, angependa mahakama imfikirie vipi? "Nifungwe." Una mtoto wa kusomesha. "Nifungwe tu, dada yangu. Andika hivyo."

Akiondoka aliniambia atarudi Jumatano. Nikamuuliza kuna kilichobaki? Akaangalia viatu vyake. "Leo nimekuja kwa mke wa mshtakiwa," akasema. "Jumatano nakuja kwa mama wa marehemu. Ni ripoti mbili, mama. Haziandikwi siku moja."

Nilicheka. Tangu Aprili sijacheka. Na yeye akacheka kidogo, halafu akaona haya.


Jumapili, 8 Juni

Nimejua jambo leo. Heri nisingelijua.

Tulikuwa tunaosha vyombo mimi na mume wangu, yeye anasuuza. Akasema, "Nilimsikia."

Nani?

"Alikuwa anapiga bodi."

Nikaweka sufuria chini. Babu alipenda kazi ya utingo kuliko kitu chochote. Alikuwa anapiga mlango wa choo kama bodi, anapiga mgongo wa bibi yake. Kila jioni lori likiingia anasimama ngazi ya jikoni, kule salama, na kupiga ukuta.

Anasema alisikia: njoo, njoo, njoo. Akadhani mtoto yuko ngazini kama siku zote, anapiga ukuta; kumbe kateremka, yuko nyuma ya lori. Kwenye kioo hakumwona, kilijaa matone ya mvua. Angeweza kusimama. Angeweza kuteremka kuangalia. "Nikaona leo utingo wangu ni yeye. Nikamtii. Nilikuwa nacheka, unajua? Nilikuwa nacheka."

Polisi hakuwaambia. Juzi ndipo alipomwambia wakili, na wakili akamsihi afunge mdomo. Kumbe hilo linamhamisha chumba. Kutomwona mtoto ni uzembe. Kujua yupo karibu, humwoni, ukaendelea — hiyo inaitwa hatari. Kule hakuna faini, hakuna nje.

Na yeye anataka kulisema. Siku ya adhabu. Anataka kuhama chumba.

Nilimaliza kuosha. Nilipanga vikombe. Nilikuwa nasubiri nihisi kitu, kama unavyosubiri mguu uliolala uamke, ule uchungu wake wa sindano. Hakuna kilichokuja. Nimekufa ganzi kuanzia juu.


Jumanne, 10 Juni

Mikate.

Nimefunga mkate mmoja mara mbili. Msimamizi kaniona, kapita.


Jumatano, 11 Juni

Afisa karudi, kama alivyosema. Mafua bado. Kiti kilekile, kikombe kilekile cha maji ya moto. Akasema pole kwa msiba. Jumamosi hakusema! Jumamosi nilikuwa upande mwingine.

Akaniomba nimweleze mtoto. Nikasema ana miaka minne. Nikasema anatembea mikono nyuma. Nikasema hapendi soksi. Yeye akaandika alikuwa, alikuwa, hakupenda. Sikumlaumu, kazi yake.

Umeathirika vipi? Nikamwambia silali vibaya, nakula, naenda kazini. Akanyanyua macho. Nadhani hicho sicho wanachoandika kwa kawaida.

Umemsamehe aliyesababisha?

Nikamjibu kweli. Kwamba sijamkasirikia bado. Mtu husamehe alichokasirikia. Mimi naamka asubuhi naitafuta hiyo hasira siioni. Namwona mtu kwenye kiti, ana shati la mume wangu. Akiwa ndani siwezi kupumua vizuri. Akienda dukani natega sikio langoni.

Akaniuliza ningependa adhabu gani. Akaniambia neno la mama wa marehemu lina uzito, hakimu halazimiki kulifuata ila analisikiliza. Yeye mwenyewe anafikiria kupendekeza huduma kwa jamii: mtu halali gerezani, anafanya kazi za bure saa fulani kila siku kwenye taasisi ya umma. Mpaka muda wake uishe. Akikosa bila sababu, anaingia ndani.

"Taasisi gani?"

"Huwa tunachagua iliyo karibu na nyumbani, asipate kisingizio cha nauli." Akapekua karatasi zake. "Iliyo karibu nanyi ni ile shule ya hapo chini. Wanahitaji mtu wa kufagia na kukata majani."

Shule ya hapo chini ina darasa la chekechea. Babu alianza Januari. Mkoba wake bado umetundikwa kwao, mwalimu alituma ujumbe twende tuuchukue, hatujaenda.

Nikamwambia afisa. Alifunika kalamu. Alisema samahani, hakujua. Alisema ofisini ramani haioneshi mambo hayo. Nikamwambia haina neno. Lakini sasa siwezi kuacha kuliona: yeye na fagio pale, watoto wanatoka kwenda mapumziko.

Mwisho akauliza: kuna jambo lingine unaona mahakama inapaswa kulijua?

Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Njoo, njoo, njoo.

Nikasema hapana. Akaandika hapana. Nani kasema hapana, mama au mke? Hakuuliza, na mimi sijui.


Ijumaa, 13 Juni

Mume wangu anajipanga kama msafiri. Kanyoa nywele zote. Saa yake kampa mdogo wake. Leo kamfundisha Dada kubadilisha mtungi wa gesi: geuza hivi, nusa, usiwashe kwanza. Kamfundisha mara tatu. Mtoto akaja kuniuliza baba anasafiri? Nikamwambia hatujui bado. Akauliza, nani anaamua? Nikamwambia hakimu.

"Hakimu anatujua?"

Nikamwambia anasoma ripoti.


Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe kaja peke yake. Kasema mwishowe. Kashika mkono wangu, kaanza mwanangu, mwanangu, kisha machozi. Anasema akifungwa atajiachia, atakufa humo, anamjua mtoto wake. Anasema niseme nimesamehe, hata kama si kweli, niseme tu, maneno ni bure.

Nilimpangusa. Nilimwambia nimemsikia. Mimi nimezoea sasa kupangusa watu wanaonililia, wananililia mimi nikiwa mkavu.

Akiondoka akaniambia jambo jingine, pale langoni, bila kunitazama. "Na ukitaka afungwe, sitakulaumu. Mimi pia kuna siku namtaka aondoke mbele ya macho yangu." Akajifunga mtandio, akaenda.


Jumatatu, 16 Juni

Wakili kapiga simu. Kanipigia mimi, si yeye. Ripoti ya afisa ni nzuri, huduma kwa jamii, taasisi nyingine, sokoni. Hakimu huyu anafuata ripoti. Kilichobaki ni mzee anyamaze. Mnyamazishe, mama. Mwambie aombe radhi na akae chini, basi.

Nilimwambia mume wangu wakati wa chakula. Wakili anasema unyamaze.

"Na wewe unasemaje?"

Kaniuliza akinitazama usoni, mara ya kwanza tangu Aprili. Nikasema mchuzi umepoa. Nikaupeleka jikoni kuupasha moto. Nilikaa kule mpaka ukakauka.


Alhamisi, 19 Juni

Mahakamani. Naandika kwenye benchi la koridoni. Tumetolewa nje kwa muda, hakimu kaenda chemba. Niandike haraka kabla haijapoa.

Tulianza vizuri. Mwendesha mashtaka hana kumbukumbu za makosa ya zamani. Afisa kasoma ripoti zake mbili. Ya kwanza, mke wa mshtakiwa anasema mumewe si mlevi wala mgomvi. Ya pili, mama wa marehemu anasema hajamkasirikia mshtakiwa. Ukisikiliza utadhani ni majirani wawili wanaosikilizana. Wakili akasimama, akasema ya kwake: amekiri mapema, hakuipotezea mahakama muda, ana majuto, yeye mwenyewe ni mfiwa. Kumbe hayo yote yana uzito wa kupunguza. Hata kufiwa kunapunguza.

Hakimu — mzee mwenye miwani, sauti ya taratibu — akamuuliza mume wangu kama ana la kuongeza. Wakili alishamwambia: omba radhi, kaa. Nilimwona wakili anafunga faili.

"Nilimsikia," akasema.

Akalisema lote. Utingo, mvua, kioo, njoo njoo njoo. Mpaka kule kucheka. Shemeji nyuma yangu alikuwa anasema kimya, kimya, kaka, kimya, kama anamwombea. Mwendesha mashtaka kasimama, kasema hayo hayamo kwenye maelezo yaliyosomwa, upande wao unaweza kuomba kubadilisha hati ya mashtaka. Hakimu akamwambia mume wangu: unaelewa unachosema? Unaelewa kwamba unajipandishia kosa? Adhabu haitolewi kwa maombi ya mshtakiwa. "Naelewa, mheshimiwa." Hakimu akaandika muda mrefu. Kisha akasema kabla ya yote anataka kuwasikia wafiwa wenyewe.

Karani akaita: "Wazazi wa marehemu wasimame."

Nikasimama.

Na kizimbani, naye akasimama. Alikuwa ameshakaa. Akasimama, mikono nyuma.

Watu wakaguna. Askari akamshika bega, kaa wewe, hujaitwa wewe, wewe ni mshtakiwa. Hakumsukuma, nisiseme uongo. Mume wangu akaanza kukaa. Alikuwa anakaa polepole, kama mtu aliyekosea nyumba ya watu.

Nikasema, "Mwacheni."

Sikujua nitasema. Sauti ilitoka kubwa mno, ya kiwandani, ya kushinda mashine. "Mwacheni asimame! Kaitwa, naye ni baba yake!" Na nikawa nimeshika kiti cha mbele yangu na kiti kinalia. Mtu wa mbele akageuka akanishikilia. Nilikuwa nalia, Mungu wangu, nilikuwa nalia kwa kelele na huku namwambia yeye, si hakimu, namwambia yeye: kwa nini hukushuka? Kwa nini hukushuka ukaangalia? Hatua mbili! Kwa nini? Na hapohapo nawaambia wasimkalishe.

Askari akatoa mkono. Hakimu hakugonga meza. Alivua miwani. Tukasimama hivyo sisi wawili, yeye kule mimi huku, mpaka hakimu akasema tupumzike kidogo, na tukirudi atamwomba mama aseme mama anataka mahakama ifanye nini.

Sasa niko hapa. Koo linauma. Kila kitu kinauma, hata kucha.

Mume wangu kaketi mwisho wa benchi hilihili, askari katikati yetu. Wakili anazungumza na mwendesha mashtaka dirishani, wanakubaliana au wanakataana. Afisa kaniletea maji, kakaa kidogo, akaniambia nisiogope, niseme moja tu, lolote, ila liwe moja ili karani aweze kuliandika.

Askari kanyanyuka kwenda kuangalia mlangoni. Mume wangu akauliza, akitazama sakafu: "Umekula?"

Nikasema sijala. Akasema hata yeye.

Sitaki arudi nyumbani. Sitaki afungwe. Yote mawili nayamaanisha kabisa, kwa moyo wote, na nitayasema hivyohivyo, waandike wanavyoweza.

Mlango umefunguliwa. Karani katoa kichwa, kanitazama mimi, si wakili, si askari, anauliza kama tuko tayari. Nimemwambia tuko. Mume wangu ameinuka. Anangoja nitangulie, na mimi nafunga daftari.